Mikono ya Mado

Mado aliikalia mikono yake. Aliisukumiza chini ya mapaja, juu ya kiti cha kukunja kilichoganda kwa baridi, akaapa kwamba leo haitatoka hapo hata pua imwashe.

Desemba ya mwaka uliotangulia, 2005, mikono hiyo ilikuwa imemwaibisha. Njoroge, Mkenya aliyefanya naye kazi katika ghala moja la vipuri huko Stafford, alimwalika kwenye hesabu ya ndege inayofanywa kila majira ya baridi katika hifadhi ya madimbwi, magharibi ya Houston. Zamani pale palikuwa mashamba ya mpunga, na kipande kimoja bado kililimwa ili bata bukini wanaoshuka kutoka kaskazini wapate masalio ya kula. Hilo hakuna aliyemweleza Mado. Yeye aliona mpunga tu, na wingu jeupe la ndege likiushukia.

Basi akafanya alichokifanya tangu akiwa na miaka saba, kwao Luberizi katika bonde la Ruzizi, ambako watoto hupanda dunguni, jukwaa la miti, alfajiri kuamia ndege wasile mpunga. Aliruka, akapiga makofi, akavua kitenge begani na kukizungusha hewani, akatoa ukelele uliofika hadi barabarani. Bukini wote wakainuka, wakaenda zao. Miss Lorene, mwalimu mstaafu aliyeongoza hesabu, alibaki na kalamu hewani na karatasi tupu.

Mwaka mzima Njoroge, aliyemwita kwa jina la bintiye, hakumwacha apumue. "Mama Rosette, kuna njiwa kwenye paa la ghala! Hebu watimue tufanye kazi."

Mado alicheka pamoja na wenzake, lakini jambo lilimkaa rohoni. Ghalani alikuwa mtu wa kubandika lebo, wala hapakuwa na lebo aliyoibandika vizuri kuliko jirani yake. Luberizi, kabla ya vita na kabla ya kambi ya wakimbizi, mama yake alimpa yeye, si kaka zake, shamba la chini lililopakana na kinamasi, ambako ndege hufika kwanza. Alitaka kurudi hifadhini, na safari hii jina lake liandikwe miongoni mwa wanaohesabu. Njoroge akamwombea nafasi. Miss Lorene alikubali kwa sharti moja: akae, atulie. Akiwatimua tena ndege, asirudi.

Na sasa ukungu ulikuwa umeyameza madimbwi yote. Njoroge akashusha darubini.

"Leo tumekwisha. Hata viatu vyangu sivioni."

Miss Lorene akanong'ona kitu, Njoroge akatafsiri: "Anasema asichokiona haandiki."

Mado alikuwa amefumba macho. Alfajiri nyingi za Luberizi zilikuwa hivi hivi, na aliyengoja mpaka awaone ndege alikuta mpunga umekwisha kuliwa. Ulisikiliza mabawa. Kundi dogo hupepea, kubwa huvuma, na kila kundi lilipotua ulivunja kijiti ukakiweka mapajani. Kwa kuwa leo mikono ilikuwa kifungoni, Mado alihesabu kwa vidole vya miguu, ndani ya viatu.

"Makundi saba," alisema mwishowe. "La tano ndilo kubwa. Matano yako upande wa mtaro, mawili yamekwenda kwenye matete. Wote pamoja mia sita, labda na ishirini."

"Umewaona wapi, Mama Rosette?"

"Nani amesema nimewaona? Mwambie."

"Nikimwambia hivyo atatufukuza sote wawili."

"Utarudi kwa njiwa wako. Mwambie, ndugu."

Akamwambia. Miss Lorene akaandika namba hiyo pembezoni mwa karatasi, kwa penseli, hafifu, ya kufutika upesi.

Saa nne ukungu ulianza kuinuka juu ya dimbwi lililo mbele yao. Bukini walikuwa wametapakaa kando ya mtaro, na wengine wachache wamejibanza kwenye matete. Miss Lorene akainamia darubini yake ya miguu mitatu, akahesabu kumi kumi, midomo ikimcheza. Alipomaliza akaanza upya.

Mia sita na wanane.

Miss Lorene akaiandika kwa wino. Ile ya penseli hakuifuta. Akaonyesha upande wa mashariki, ambako dimbwi la pili lilikuwa bado limefunikwa, akasema maneno machache.

"Anauliza," Njoroge alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena, "kule kuna wangapi?"

Mado akaitoa mikono chini ya mapaja. Ilikuwa imekufa ganzi, akaikung'uta kwa nguvu. Njoroge na Miss Lorene wakashtuka, wote wawili kwa pamoja, wakamnyoshea viganja na kumfanyia "shhh!".

"Tulieni, bwana!" Mado alisema huku akicheka kimyakimya. "Mnanipigia kelele."

Akaikinga mikono hiyo nyuma ya masikio, akageukia mashariki. Miss Lorene akaweka penseli mfukoni, akashika kalamu, akangoja.