Foku Nisizozikagua

Nacheka mwenyewe kabla ninyi hamjaanza, maana siku ile niliaibika kiasi kwamba mpaka leo mtu akitaja kijiji cha Pap Onditi naangalia viatu vyangu.

Mnajua kazi yangu hapa Kisumu. Vita vikuu vya pili vilipokwisha nilirudi kutoka jeshini na ujuzi mmoja tu, pikipiki, na mtu akitaka kununua iliyotumika ananiita nimkagulie foku, yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele. Napiga goti, napitisha kidole kwenye chuma kutafuta mikwaruzo na kutu, naangalia kama oili inavuja kwenye sili, ile mipira ya kuizuia isitoke, halafu nashika breki ya mbele nasukuma usukani chini kwa uzito wangu wote, na foku zikishuka bila kupanda namwambia mtu wangu twende zetu, hii itakuua. (Ndiyo, mimi mwenyewe ndiye ninayesema hivyo.)

Sasa mke wangu Akinyi alikuwa amerudi kwao Pap Onditi. Hatukupigana. Alichoka tu na kimya changu, akasema, "Owino, hata ukuta wa hii nyumba una maneno kuliko wewe. Ukinitaka, kuja uniambie kwa mdomo wako." Wiki zikapita, nikawa napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki, naosha sahani moja, kisha naketi kitandani kusikiliza majirani wakiongea, na Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Jumapili moja asubuhi nikaona siwezi tena. Nikavaa suruali yangu nyeupe ya harusi, nikaenda kwa Bwana Gurdial, Singasinga aliyekuwa akiuza pikipiki zilizoachwa na jeshi, nikachagua moja ya kununua, inifikishe Pap Onditi siku hiyo hiyo, nimlete Akinyi ameketi nyuma yangu.

"Wewe leo hapana angalia foku?" akaniuliza, ameshangaa kweli. "Kila siku nasumbua mimi na hii foku!"

Nikatazama chini, pamejaa oili. Nikatazama suruali yangu. "Leo ni sawa tu, Bwana Gurdial," nikasema, nikaipiga teke ikawaka, nikaondoka.

Kufika Nyamasaria nikasikia kong, kong, kila shimo. Nilijua ni nini. Angekuwa mteja wangu anaendesha ningemshusha pale pale. Lakini nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno ya kumwambia Akinyi, kwa sauti, barabara nzima, na yalikuwa yanatoka vizuri ajabu, basi nikaogopa nikisimama yatapotea.

Nikaingia boma la wakwe watu wametoka kanisani wamejaa uani, nikashika breki kwa madaha ili wanione. Foku zikashuka, hazikupanda. Aliyepanda ni mimi. Nilipita juu ya usukani nikaanguka kifudifudi mbele ya mama mkwe, suruali imepasuka nyuma kutoka juu mpaka chini.

Kwetu Waluo (asiyejua ajue leo) mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana hata kutazamana machoni ni shida, sembuse vile. Mama alipiga ukelele mmoja, akafunika uso, akakimbilia ndani. Wanawake wote wakamfuata, wanaume wakageuka kutazama ng'ombe, na ule uwanja uliokuwa umejaa ukabaki na mimi na gurudumu linalozunguka. Hakuna aliyekuja kuniinua, na wote walifanya hivyo kwa heshima. Sijawahi kujiona mpweke kama pale.

"Mkwe," baba mkwe akaita, amenipa mgongo, "umevunjika?"

"Hapana, Baba."

"Basi kaa hapo hapo. Usisimame."

Sikusimama. Akinyi ndiye aliyekuja, maana yeye peke yake angeweza kunitazama, akanifunga shuka kiunoni. Baba mkwe akatangaza, bado anawatazama ng'ombe wake, kwamba siku kama hiyo mkwe haingii nyumba, hali chakula wala haondoki na mtu, arudi siku nyingine na mbuzi ili aibu iondolewe. Akinyi akanisindikiza mpaka barabarani, mimi nasukuma pikipiki, sisi wawili tu.

Nikafungua mdomo. Nikamweleza kwamba sili zilikuwa zimekufa, oili yote imevuja njiani, na bomba la kulia lilikuwa limepinda tangu zamani. Nilieleza vizuri sana. Akasubiri mpaka nikamaliza.

"Ni hayo tu, Owino?"

"Ni hayo tu."

Akageuka akarudi kwao.

Tangu hapo nimeapa, siwashi pikipiki ya mtu yeyote kabla sijapiga goti, hata niwe nimevaa suti. Mbuzi nimeshampata, namfuga nyuma ya nyumba, amenenepa mpaka majirani wanauliza atachinjwa lini. Jioni nikishaosha sahani yangu natoka nje namwambia huyo mbuzi yale maneno: rudi nyumbani, Akinyi, nimechoka kula peke yangu. Yanatoka yote, bila kosa hata moja.