Barua ya Mheshimiwa

Huko Ghulail, Jeddah, Wakenya humwita Protas "Mheshimiwa", nusu utani, nusu kweli. Aliwahi kuwa mwakilishi wadi kwao magharibi mwa Kenya, muhula mmoja. Sasa ni dereva wa familia moja, anapeleka watoto shule na madam sokoni.

Katika bunge la kaunti alikuwa mtu wa kusumbua wenzake. Alileta mswada mmoja wa maana: ajenti yeyote anayepeleka wasichana Uarabuni aache nakala ya mkataba kwenye ofisi ya wadi, ili msichana akipotea ajulikane aliko. Spika alipouliza wanaokataa, meza zilipigwa mpaka vikombe vya chai vikaruka. Kumbe ajenti wengine walikuwa mashemeji wa waheshimiwa hao hao. Mswada ukafa, na uchaguzi uliofuata Protas naye akaangushwa, maana hakugawa hata pakiti ya unga.

Lakini kuna jambo ambalo hakulisema kwenye kampeni. Mswada ukiwa bado unasubiri, akina mama walimjia wakilia, safari za mabinti zao zimekwama kwa kukosa barua ya mheshimiwa ya kumdhamini ajenti. Kusema hapana kulimshinda. Akaandika, akagonga mhuri: "Namfahamu ajenti huyu. Ni mwaminifu." Hakumjua hata kwa sura.

Ijumaa moja Roselyne, msichana wa wadi yake ya zamani, alimngoja nje ya duka la simu. Alikuwa ametoroka nyumba aliyofanyia kazi Riyadh, hana ikama, kile kibali cha kuishi huko, wala pasipoti, mkono wa kushoto haunyooki. Akatoa barua iliyochakaa mikunjoni.

"Mheshimiwa, wasichana ninaokaa nao hapa Jeddah, mtaa wa Kandara, wanasema nikienda ubalozini na barua ya mtu anayenijua, nitasikizwa. Niandikie kama hii. Hii ilinivusha haraka."

Protas aliiona sahihi yake, akatamani ardhi impasukie.

"Roselyne, huyo ajenti sikumjua. Nilidanganya."

"Halas, Mheshimiwa, yameisha hayo. Wewe andika tu. Mama ni mgonjwa."

Akaandika juu ya boneti ya gari la bosi: "Mimi Protas Wafula, dereva, ndimi niliyemleta binti huyu huku kwa barua ya uongo. Naomba arudishwe kwao." Akatia sahihi na nambari ya ikama yake.

Roselyne akaisoma mara mbili, akaigeuza nyuma, akauliza mhuri uko wapi.