Samaki Mwenye Adabu

Mama aliomba jambo moja tu: apelekwe Mombasa akamwone mamake, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkatalia. Baba, mtu wa huruma nyingi, alimjibu kwamba atampeleka mwakani. Alijibu hivyo miaka minne mfululizo, na kila mwaka alionekana kushangaa kwamba mwakani bado haijafika.

Tuliishi Homa Bay mjini, nyuma ya duka letu la nyavu, kamba na taa za karabai. Wavuvi wa Sindo na Remba walikuwa wateja wetu, na siku za soko Baba alipeleka bidhaa Rangwe. Kila Alhamisi alikwenda Migori kuangalia duka la pili, kwa sababu duka moja halimpi mtu shughuli za kutosha kushindwa kumpeleka mkewe kwao. Mama alisimamia la Homa Bay. Alilisimamia kimya, na Baba alimsifu mbele ya wageni: "Mke wangu hana neno. Nyumba yangu ni ya amani."

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo nikimsaidia Mama dukani. Gugu maji lilikuwa limefunika ghuba mpaka gatini, ungedhani ni shamba la sukuma wiki. Mitumbwi haikutoka, nyavu hazikununuliwa. Siku moja Mama alikaa kwenye kaunta akitazama majani yale, akasema, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba amesahau harufu ya bahari.

Baba alisikia. Lazima nimpe haki yake, alisikia. Alifikiri juma zima, kisha akatangaza ufumbuzi: kwa kuwa mkewe ameikosa bahari, ataletewa bahari. Alikuwa ameona nyumbani kwa tajiri mmoja wa Kisumu sanduku la kioo lenye maji ya chumvi, mawe na samaki wa rangi, akaambiwa kwamba kuwatazama kunatuliza moyo. Fundi wa vioo akatutengenezea akuariamu, ikavuja mara mbili, ikawekwa sebuleni juu ya meza iliyokuwa ya cherehani ya Mama. Kilichobaki ni kwenda Mombasa kuchukua maji na samaki.

Ndiyo, Mombasa. Baba alikwenda Mombasa, na Mama akabaki kuangalia duka. Mimi nilichukuliwa nikabebe mitungi. Asubuhi ya safari Mama alitufungia mahamri, akanipa doti ya kanga nimfikishie mamake. Nilimkasirikia Baba sana, lakini ujasiri wa kumwambia sikuwa nao, kwa hiyo nikabeba mitungi.

Muuza samaki alikuwa kijana mwenye mabirika ya saruji uani kwake. Alituonyesha samaki aliowaita klauni, wafupi kuliko kidole, rangi ya machungwa, wamevukwa na mistari mitatu myeupe. Baharini, alisema, hujificha ndani ya mnyama mmoja kama ua, anayewasha samaki wengine wote isipokuwa wao.

"Mzee, wachukue hawa wawili," alisema. "Washazoeana. Mkubwa ndiye mke, mdogo ndiye mume. Usiongeze wa tatu, usichanganye na samaki wagomvi, watakaa kwa amani miaka mingi."

Baba akawatazama. Yule mke alimfukuza mumewe hadi pembeni, akamwachia, akamfukuza tena. Mume alisimama mbele yake akitetemeka mwili mzima kwa heshima. Baba hakupendezwa hata kidogo.

"Hawa wana fujo. Mimi nataka wa amani."

"Hiyo si fujo, mzee. Ndivyo wanavyoelewana."

Lakini Baba alikuwa mtaalamu. Alikuwa amekagua nyavu maisha yake yote, samaki wangemshindaje? Alipita birika baada ya birika mpaka la mwisho, ambako klauni wawili walisimama kila mmoja kwenye pembe yake, wakitazama ukuta.

"Hawa hapa," akasema. "Wametulia. Samaki wenye adabu."

Kijana akarusha uduvi uliosagwa. Katika mabirika yote samaki waliurukia. Wale wawili wenye adabu hawakugeuka.

"Mzee, hawa hawali. Samaki asiyekula kwangu, kwako hatakula. Huyu hakutulia, huyu ni mgonjwa."

"Ameshiba," alisema Baba, akatoa pesa.

Kwa Nyanya tulikaa muda wa kikombe kimoja cha chai. Alikuwa ameketi kitandani, akatusalimia huku akichungulia mlango nyuma yetu, akaendelea kuchungulia.

"Mwanangu yuwaja?"

"Anaangalia duka, mama," alisema Baba.

Nyanya akaikunjua ile kanga, akaikunja tena. Kisha akanivuta mkono. "Mwambie nipo. Lakini asidhani nitakuwepo tu." Niliona aibu ya kunywa chai ile, maana haikuwa yangu.

Samaki walisafiri katika mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, mapajani mwa Baba, amewafunika kwa koti lake. Safari nzima hakulala. Sikuwa nimewahi kumwona akibeba kitu kwa uangalifu namna ile.

Mji ulikuja kutazama. Mvuvi mmoja wa Remba, aliyekuja kununua kamba, alipiga magoti mbele ya kioo, akawataja samaki kwa Kijaluo.

"Yawa! Rech imetoka Mombasa yote hiyo na haiendi kwa sufuria?"

"Ni ya kuangalia," Baba alimweleza.

"Kuangalia mpaka saa ngapi?"

Mama naye aliwaangalia kwa muda mrefu, mikono kiunoni. "Hawa wamekula lini?"

"Wamechoka na safari tu."

"Haya," alisema Mama, akarudi dukani.

Stima ilikuwa na tabia ya kupotea. Ikipotea, pampu ya hewa inanyamaza, na Mama ndiye aliyesimama hapo akichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili samaki wapate pumzi. Hiyo ndiyo bahari aliyoletewa: kazi nyingine ya nyumbani. Samaki wa kwanza alikufa siku ya nne, na Baba akailaumu stima. Wa pili alibaki kwenye pembe yake. Baba alimpondea omena, dagaa wa kwetu ziwani, wa pili hakuzigusa, na Baba akamsifu kwamba hana makuu.

Jumapili hiyo tulikula mchana sote watatu. Mama alimpakulia Baba, akanipakulia mimi, akajiwekea vijiko viwili vya wali. Akavisogeza huku, akavisogeza kule, akasema ameshiba. Nilikuwa nimemwona akishiba hivyo miezi mingi, nikafunga mdomo kama binti mwema.

"Mnaona nyumba ilivyotulia?" Baba alituuliza, anatafuna.

"Baba," nikasema, "yule kijana alituambia asiyekula hakutulia. Ni mgonjwa."

"Nimeshakwambia, samaki huyu..."

"Sisemi samaki."

Akanikazia macho. Nilidhani atanifukuza mezani. Kisha macho yake yakaondoka kwangu, yakaenda kwenye sahani ya Mama, yakapanda hadi mkononi, ambako bangili zake zilikuwa zimeteleza karibu na kiwiko.

"Umekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu mwakani ya kwanza," alisema Mama. Hakupaza sauti. "Nataka kwenda kwa mamangu. Kwenda, baba watoto. Si kuletewa."

Baba akafungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, nililiona kabisa. Akalimeza, na halikushuka vizuri.

"Na duka, nani ataliangalia?"

"Mimi," nilisema.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kukata tiketi ya Mama. Alhamisi, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zangu, Migori ilijiendesha bila yeye, kwa sababu alikuwa akibeba sanduku la mkewe hadi stendi. Aliporudi alimkuta yule samaki wa pili amelala chini kwenye mchanga. Hakumlaumu mtu. Alimzika nyuma ya choo, akarudi akapangusa kioo cha akuariamu tupu.

Siku ya tatu simu ya duka ililia. Alikuwa Mama. Nyuma yake nilimsikia Nyanya akigomba kwamba mchuzi wa papa unapoa, na Mama akimjibu, wote wawili kwa pamoja, fujo tupu, na katikati ya fujo ile Mama akacheka. Hakutaja siku ya kurudi.

Baba alikuwa kando yangu akipanga kamba zilizokwisha kupangwa. Hakuthubutu kuomba simu.

"Anasemaje?" aliuliza nilipoikata.

"Anasema amekula."