Maneno Yangu Kinywani mwa Malkia

Siku niliyosoma barua yangu mwenyewe ndani ya hadithi ya majoka na falme, nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine namba tatu ilikuwa inatetemeka kama kawaida yake.

Sikupiga kelele. Niliibana simu kifuani nikasema, "Mungu wangu, huyu malkia kanijuaje?"

Nina miaka hamsini na mbili, na kazi yangu ni udobi. Mashuka, mapazia, makoti ya madaktari, yote yanapita mikononi mwangu.

Mpaka miaka miwili iliyopita sikujua kusoma wala kuandika. Mshahara nilikuwa nausainia kwa dole gumba.

Sasa nasoma darasa la jioni. Tunakalia viti vya watoto, magoti yanakaribia kidevu. Mwalimu wetu alituambia, "Someni chochote mnachokipenda. Ukurasa mmoja kwa siku. Hata karatasi ya sabuni."

Nilianza na karatasi ya sabuni. Sitanii.

Aliyeniokoa ni Redio. Redio ni mpiga pasi wetu, mama wa watoto watatu, na jina hilo alipewa kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

"Mama, utasoma sabuni mpaka lini?" akaniambia. "Chukua hii. Hii ndiyo habari ya mjini."

Ilikuwa hadithi ndefu ya mtandaoni, *Falme Tisa za Ukungu*. Vitabu sita tayari vimetoka, cha saba kinasubiriwa. Mwandishi hajulikani, anajiita Mkono wa Kivuli.

Raha ya hadithi ile si vita wala majoka. Raha yake ni vitu vidogo. Mwandishi anaficha jambo kwenye kona ya ukurasa, kisha vitabu viwili mbele unagundua lilikuwa na maana. Wasomaji wana kundi lao huko huko mtandaoni, na kazi yao ni kuwindana: nani kaona nini.

Mimi nasoma kwa kidole, neno baada ya neno. Basi siruki kitu.

Siku moja nikamwambia Redio, "Huyu jemadari ni msaliti."

"Weee! Jemadari? Katoka vitani juzi tu!"

"Katoka vitani siku tatu, na hapa wanasema kola yake nyeupe iling'aa. Mimi nafua makoti, nakwambia. Shingo ya mtu aliyepigana siku tatu haing'ai. Huyo alijificha."

Redio akaliandika kundini. Kitabu kilichofuata, mimi na Redio tulipokifikia, jemadari akafungua lango la mji kwa maadui. Waliokwisha kusoma vyote sita wakachanganyikiwa. "Nani huyo aliyeona kola?" Redio akajibu, "Ni dobi wetu, mheshimuni." Nilicheka siku nzima.

Lakini fumbo kubwa la wasomaji wote lilikuwa kikombe.

Katika kila karamu ya malkia, kwenye kila kitabu, mwandishi anataja kikombe kimoja kimefunikwa kifudifudi mezani. Hakuna anayekinywea. Haelezi kwa nini.

"Kina sumu," alisema Redio.

"Kina roho ya mfalme," mwingine aliandika.

Mimi nilitabasamu tu. Hata mimi nina kikombe kimefunikwa hivyo kabatini.

Ni cha binti yangu.

Miaka tisa iliyopita, Jumapili asubuhi, aliniambia ana mimba. Nilikuwa nimeshavaa, nakwenda ibadani. Nilimwambia maneno ambayo natubu mpaka leo. Akarusha kikombe chake mlangoni. Hakikuvunjika, kilipata ufa tu kwenye mshikio. Akachukua begi akaondoka, na mimi nikainama nikakiokota.

Baadaye alianza kutuma barua. Sikuwa na sanduku la posta, na hata ningekuwa nalo ningesomaje? Barua zilikuja kwenye sanduku la Karani.

Karani ni jirani yangu, tunagawana ukuta mmoja. Zamani alifanya kazi ya masjala, ndiyo maana mtaa mzima unamwita hivyo. Mjane, hana mtoto. Tumeomba pamoja kila alfajiri kwa miaka kumi na minne, tumeshikana mikono. Ndugu wa tumbo moja wasingetushinda.

Barua ikija, ananisomea.

"Anasemaje, shoga?"

"Anasema yuko salama. Usimtafute. Moyo wake bado."

Nami nalia, halafu namwambia aandike: "Nilikuhukumu siku niliyotakiwa kukukumbatia. Kikombe chako nimekifunika, hakuna anayekinywea. Rudi, mwanangu."

"Nimeandika, shoga," anasema. "Neno kwa neno."

Zilikuja barua saba. Kisha kimya.

Nilipomwambia nataka kwenda darasa la jioni, alinishika bega. "Macho yako yatachoka bure. Mimi si nipo?" Basi nikaenda kimyakimya. Nilimdanganya kwamba nimeongezewa zamu, Mungu anisamehe. Nilitaka siku moja nisimame kwenye kikundi chetu cha maombi nisome mwenyewe, nimshtue.

Sasa turudi kwenye ndoo.

Kitabu cha tatu. Malkia, ambaye kumbe hajui kusoma, anamwita mwandishi wake wa siri, Bi Kalamu, amwandikie binti yake aliyekimbia. Anasema:

"Nilikuhukumu siku niliyotakiwa kukukumbatia. Kikombe chako nimekifunika, hakuna anayekinywea. Rudi, mwanangu."

Nikasoma tena kwa kidole. Yaleyale.

"Mama, umepauka," alisema Redio. "Vipi?"

"Sabuni imeniingia machoni."

Sikukasirika, niwe mkweli. Maneno yale niliyasema mbele ya mtu mmoja tu duniani. Kwa hiyo Karani ndiye Mkono wa Kivuli, na ameazima machozi yangu bila kuniambia. Iliniuma. Lakini niliomba, nikasema shetani asinigombanishe na dada yangu kwa ajili ya hadithi. Labda atanieleza mwenyewe.

Nikaendelea kusoma, ukurasa kwa ukurasa, mpaka kitabu cha tano.

Huko, katika mji wa mbali, binti wa malkia anafungua barua ile. Imeandikwa: "Kaa huko uliko. Usirudi kuniaibisha."

Kundi lilikuwa limelipuka.

"MMEONA? Barua iliyofika si ile iliyosemwa!"

"Bi Kalamu ni nyoka, jamani!"

"Mwandishi huyu ni fundi, mimi namvulia kofia!"

Watu mia nne walikuwa wanashangilia. Wao walikuwa wamegundua kitu kidogo kilichofichwa. Mimi nilikuwa nimegundua miaka tisa ya maisha yangu.

Jumamosi asubuhi nikabisha kwa Karani. Alikuwa anapanga vitabu vya nyimbo za kikundi.

"Karibu, shoga. Mbona mapema?"

Sikukaa. Nilitoa simu, nikaweka kidole chini ya mstari, nikasoma kwa sauti. Barua ya kwanza. Kisha ya pili.

Vitabu vya nyimbo vilimponyoka.

"Umejifunza lini?" akaniuliza.

Hakuuliza nasoma nini. Aliuliza nimejifunza lini.

"Binti yangu aliandika nini, Karani?"

Alikaa chini sakafuni. "Alijifungua mtoto wa kike. Alikuomba uende ukaishi naye. Aliweka namba ya simu."

"Kwenye barua gani?"

"Zote."

"Zote saba?"

"Shoga, ungekwenda ungebaki huko. Mimi ningebaki na nani? Na huu ukuta?" Akaanza kulia. "Dhambi hii ilinila. Nikashindwa kukuungamia wewe, nikawaungamia watu wasiokujua. Kila kitabu nilikuwa natubu."

"Barua ziko wapi?"

"Nilizichoma."

"Na mwanangu yuko wapi?"

"Naapa mbele za Mungu, tangu barua ya saba sijasikia neno lake."

Alipiga magoti, akanishika mikono. Na mimi, mnicheke mkitaka, nilipiga magoti nikaomba naye. Nilimwombea. Nilitoka pale nimevunjika, lakini nikijua angalau uongo umeisha.

Nikawaza: kama mwanangu yu hai na ana simu, huenda naye anasoma. Dunia nzima inasoma.

Wiki ile, kila mapumziko ya chai, tulipekua maoni ya wasomaji. Maelfu.

"Tunatafuta nini hasa, Mama?" Redio aliniuliza. Nilikuwa nimemweleza yote, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amekaa kimya dakika nzima.

"Tunatafuta mtu anayejua kisichoandikwa."

Siku ya tano Redio akaruka na pasi mkononi. "Mama! Mama, njoo!"

Ilikuwa chini ya kitabu cha kwanza, miezi saba nyuma. Mtu anayejiita Msomaji wa Mbali ameandika: "Kikombe hicho kina ufa kwenye mshikio."

Wenzake walikuwa wamemvamia. "Ufa umeutoa wapi?" "Vitabu sita hakuna ufa hata mmoja." "Huyu anajifanya mwandishi!"



Nikamwandikia faraghani. Mistari yangu ya kwanza kumwandikia mtu bila mkono wa mwingine. Nilitafuta kila herufi kwa kidole.

"Kilirushwa siku gani?"

Jibu lilikuja mchana. "Jumapili. Wewe ni nani?"

"Ni mimi niliyekiokota."

Kisha hili likaingia:

"Aliyekiokota alifariki miaka minne iliyopita. Tafadhali usinichezee."

Nilisoma mara tatu. Nilidhani kusoma bado hakujanikaa vizuri.

"Redio, hapa pameandikwa nini?"

Redio akatazama simu, akanitazama mimi. "Pameandikwa umekufa, Mama."

Nikabonyeza kupiga palepale kwenye ule ujumbe. Redio alikimbia kuzima mashine zote. Simu ilipokelewa, lakini hakuna aliyesema. Nikamwita kwa jina la utotoni, lile nililompa mimi nikimbembeleza, ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulitumia.



"Mama?"

Sitaandika tulivyolia. Ni mali yetu.

Tulipopata pumzi nikamuuliza, "Nani alikwambia nimekufa?"

"Mwandishi."

"Mwandishi gani?"

"Wa ile hadithi. Nilipoona kikombe kimefunikwa, kama ulivyokuwa ukifunika changu nikichelewa kurudi, nilimwandikia. Nikamtajia jina langu, nikamuuliza kama anakujua. Alinijibu siku hiyohiyo. Alisema alikuwa jirani yako, alikufumba macho kwa mikono yake mwenyewe. Alisema anaandika kwa kumbukumbu yako." Akavuta kamasi. "Sikuweza kusoma zaidi ya kitabu cha kwanza, Mama. Iliniuma sana."

"Lini hiyo?"

"Miezi saba iliyopita."

Miezi saba. Karani aliongea na mwanangu, akanizika, kisha alfajiri akanishika mikono tukaomba. Na Jumamosi ile, baada ya machozi yote, aliapa mbele za Mungu kwamba hajasikia neno lake.

Ya barua labda ningeielewa. Mtu mpweke anaogopa. Lakini alipewa nafasi ya kunirudishia mtoto kwa mstari mmoja tu, na mstari aliouchagua ni ule.

Binti yangu alikuja mwisho wa mwezi. Mjukuu wangu ana miaka minane, ananisahihisha nikisoma. Mimi na Karani hatuombi tena pamoja. Wakati mwingine namsikia upande wa pili wa ukuta akikohoa, nami naliweka jina lake mbele za Mungu, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Ningesema linatoka moyoni, ningekuwa mwongo.

Wiki iliyopita kitabu cha saba kilitoka.

Nilikisoma kazini, kwa kidole. Malkia anagundua kila kitu. Bi Kalamu anaanguka miguuni pake. Na malkia anamwinua, anamkumbatia, anamwambia: "Nimekusamehe. Ulifanya kwa upendo."

Kundi zima linalia kwa furaha. Mioyo elfu na zaidi. "Hakuna malkia kama huyu!" "Msamaha wa kweli ndio huu!"

Redio akashusha simu yake taratibu. "Mama, kumbe umeshamsamehe?"

"Mimi? Sijafungua mdomo."

Ndugu msomaji, nimejifunza hili nikiwa nimechelewa, na wewe usichelewe. Usimwachie mtu mwingine macho yako, hata awe anakuombea kila siku. Jifunze kusoma. Umri usikutishe, viti vidogo visikuaibishe. Mtu akizoea kusema kwa niaba yako, atafika mahali atasamehewa kwa niaba yako pia.

Nikashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, mahali pa maoni. Nilichukua muda wote wa chai, na nilikagua kila neno kabla ya kutuma.

"Malkia bado hajasema."