Mama Kipimo na Nguzo Niliyoisimamisha

Nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa amesimama mtoni, maji yamemfika magotini, anaukaripia mto kama anagombana na mke mwenza.

"Huna adabu! Nguzo yangu umeipeleka wapi?"

Mimi ni fundi mwashi. Halmashauri ilikuwa imeniita nisimamishe nguzo mpya ya kupimia kina cha maji, maana ya zamani ilisombwa. Mwanamke yule watu walimwita Mama Kipimo. Kazi yake ilikuwa kusoma nguzo hiyo asubuhi, mchana na jioni, na kuandika namba kwenye ubao nje ya ofisi. Maji yakifika mita tatu, mtaa wote wa chini unahamia shuleni.

Alinionyesha mstari mweusi karibu na kitako cha nguzo mpya. "Huu uwe sawa na ardhi, fundi." Akaenda zake.

Nilichimba nikakuta mwamba. Mstari ukabaki juu ya ardhi kwa shubiri nzima. Ningemfuata nimweleze, lakini kwangu kuzungumza na mtu wa ofisi ni kazi kuliko kuvunja mawe. Nikamwaga zege, nikaufunika mstari.

Aliporudi aliuliza, "Mstari umefika ardhini?" Nikaitikia kwa kichwa.

Mvua zikaja. Siku ya tano ubao ulisema mita mbili na sentimita themanini. Dada yangu mshonaji, anayeishi mtaa wa chini, alikuwa anashona bila wasiwasi.

"Ubao umesema bado," aliniambia.

Nguzo iliyokaa juu husoma pungufu; nikaijumlisha ile shubiri yangu kichwani. Mita tatu tulikuwa tumeshapita.

Ofisi ilijaa watu. Nikaganda mlangoni. Mama Kipimo akaniona.

"Fundi, mbona unanitazama tu, umekuja kunipiga picha?"

"Nguzo," nikasema. "Iko juu shubiri nzima. Nilikuta mwamba, nikafunika."

Diwani akaja juu. "Hatuhamishi mtaa kwa maneno ya mtu mmoja! Kipimo kinasema bado!"

Mama Kipimo akamgeukia. "Diwani, aliyekisimamisha ndiye huyu. Mtu huyu hata salamu anaitoa kwa kubembelezwa. Leo kaja mwenyewe kujisema mbele ya watu wote hawa, wewe unadhani anatania?"

Akafuta namba, akaandika mita tatu kwa chaki nyekundu, akachukua kipaza sauti na kutoka mvuani.

Nilibeba cherehani mgongoni, dada yangu nyuma ananisema njia nzima. "Shubiri! Yaani ulitaka kuniua kwa shubiri!" Jioni maji yalifika madirishani. Shuleni Mama Kipimo aliita majina nyumba kwa nyumba, hakukosekana mtu.

Hakunifukuza. Maji yalipopungua, alinisimamia siku nne nikiuchonga ule mwamba mpaka mstari ukakaa pale alipotaka. Kosa langu aliliandika daftarini, nikatia sahihi. Kisha akanifundisha kusoma nguzo, na kujua nyumba ipi ina mgonjwa wa kubebwa na nani hatoki bila mbuzi wake.

Tulifanya kazi pamoja miaka sita. Macho yalipoanza kumsumbua alistaafu, akahamia kwa binti yake, mbali. Asubuhi ya safari alinikabidhi kipaza sauti. Nikamwambia naona aibu kupiga kelele mtaani.

"Basi waambie na aibu yako hiyo hiyo," akasema. "Ilimradi uwaambie."