Muhogo Haujui Vita

Mwanangu, nakumbuka siku niliyotoa mihogo majini kabla ya wakati wake. Naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu. Ya ndoa nimesahau hata rangi ya kitambaa nilichojifunga kichwani. Lakini ile mihogo, nikifumba macho, bado naihisi ilivyokuwa migumu mkononi. Kaa hapa nikueleze, na hiyo simu ilaze kifudifudi. Habari za vita zitakungoja, hazijawahi kumkimbia mtu.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Nilikaa hapa hapa Mangobo, kwenye uwanja huu huu, pamoja na Koko Feza, bibi aliyemlea mume wangu. Mume wangu Ramazani alikuwa mtu wa toleka, akibeba abiria kwenye baiskeli kutoka asubuhi hadi miguu imwambie basi. Tulikuwa na mtoto mmoja, Amisi, wa miaka mitatu, mwenye tumbo lisilojua kushiba. Kazi ya Koko na mimi ilikuwa kupika kwanga na kuiuza. Huenda wewe umezoea kuila tu, kwa hiyo nikukumbushe inavyotoka. Muhogo wetu ni mchungu, una sumu ndani. Unaumenya, unaulaza majini siku tatu, nne kukiwa na baridi, mpaka ulainike na ubaya wake utoke. Ndipo unautwanga, unaufunga kwa majani, unauchemsha. Kwanga iliyofungwa vizuri hukaa siku nyingi bila kuharibika, ndiyo maana ni chakula cha safari, na cha watu wanaokimbia.

Mwaka ule askari wa nje walikuja kugombana wao kwa wao katika mji usio wao. Kabla ya mabomu kufika, yalifika maneno. Asubuhi mtu anasema wameonekana upande wa Simi-Simi, mchana mwingine anasema barabara ya Banalia imefungwa, jioni wa tatu anaapa kwamba wote wawili wamesema uongo. Mimi nilikuwa wa kwanza kutoka nje kila sauti ilipopita. Niliacha sufuria motoni nikaenda barabarani kuuliza, nikarudi nikakuta maharage yameungua, nikatoka tena. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wangu ulikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Ramazani alikuwa amevuka mto kwenda Lubunga, na siku hiyo mitumbwi ikaacha kuvusha watu. Nilikuwa peke yangu na woga wangu, maana Koko naye alikuwa ameenda msibani, avenyu ya tatu kutoka hapa.

Mihogo ilikuwa imelala majini usiku mmoja tu. Nikamsikia mwanamke akipita akisema watu wa kule juu wameanza kufunga mizigo. Sikumuuliza ni watu gani wala juu ya wapi. Nikaitoa mihogo, nikaikatakata vipande vidogo kwa sababu ilikataa kutwangika, nikaitwanga kwa nguvu ya hofu, nikaifunga, nikaichemsha. Nilijua. Huo ndio ukweli unaonichoma hadi leo, mwanangu: nilijua siku zake hazijatimia, nimeifanya kazi hiyo tangu usichana. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshaondoka, kiko njiani kuelekea Banalia, na mikono iliyobaki nyumbani haikuwa na mtu wa kuiongoza. Amisi akaja akinyoosha kiganja. Nikampa kipande, akarudi, nikampa kingine.

Koko aliporudi baada ya swala ya alasiri, mtoto alikuwa anatapika na miguu haimbebi. Mimi nilikuwa nasema ni homa. Koko akatazama nyungu ya kwanga, akavunja kwanga moja, akaigusa kwa ncha ya ulimi na kutema. Hakupiga kelele. Alimfunga Amisi mgongoni kwa kitenge, akatembea na ule umri wake mpaka kwa muuguzi mmoja mzee wa avenyu ya pili ambaye alikuwa bado hajakimbia. Muuguzi akamtundikia serumu, yale maji ya mshipani. Sisi wawili tukakaa chini kwenye simenti, mlangoni pake, tukimwangalia mtoto anavyopumua.

Hapo ndipo Koko aliposema, kwa Kiswahili chetu cha hapa ambamo maji ni mayi, bila kunitazama:

"Zaina, bombe haiyaanguka hata moya kwetu. Na mutoto iko mu serumu. Nani alimupiga?"

Nilimfunika Amisi miguu kwa kitenge.

"Ni woga yako. Muhogo haiyue vita. Iko naomba siku yake mu mayi, basi. Ile watu ya vita iko na haraka yao. Weye ulienda kuikopa, ukaileta mu nyungu ya mutoto."

Nimewahi kuchapwa, nimewahi kutukanwa sokoni mbele ya watu. Hakuna kilichowahi kuniingia kama maneno hayo yaliyosemwa polepole. Nililia kwa aibu. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu alikuja akiwa na bomba la serumu mkononi. Giza lilipoanza kuingia Amisi akaomba maji. Kesho yake akaomba kula, na akataka wali.

Siku ya tatu mabomu yakaanza kweli. Hatukuwa tumekimbia, na sasa haikuwezekana tena. Tulijifungia ndani, na Koko akaamuru pipa la mihogo liingizwe sebuleni, lile jipya alilolijaza mwenyewe. Nilidhani uzee umempanda kichwani. Kila asubuhi, risasi zikilia, alikuwa ananiita.

"Bon, Zaina. Weka kidole. Inasema nini?"

"Ingali nguvu, Koko, haiyalainika."

"Alors, na weye ngoya." Nami nikangoja.

Mwanzoni nilitumbukiza kidole ili kumridhisha tu. Lakini huwezi kujua kama muhogo umelainika ukiwa unafikiria jambo lingine. Lazima ubonyeze, usikilize, unuse maji. Siku ya kwanza ni jiwe. Ya pili, ncha zinaanza kukubali. Ya tatu kidole kinazama kidogo na ile harufu chachu inapanda puani. Nikagundua kwamba wakati kidole kiko ndani ya pipa, pumzi yangu ilikuwa inarudi mahali pake. Hofu haikuondoka, nisikudanganye. Ilikaa pembeni kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Kulikuwa na kitu kingine kilichotushikilia. Kila mabomu yaliponyamaza kidogo, tulisikia mchi wa jirani yetu wa nyuma ya ukuta, Mama Anjela, akitwanga pondu, majani ya muhogo, jikoni kwake. Koko akiusikia alikuwa anatikisa kichwa, anasema, "Iko," yaani yupo, mzima. Basi mimi nami nilijifunza kuungoja. Asubuhi moja bomu lilianguka nyuma ya ukuta wetu, nyumba ikatikisika, vumbi likashuka juu yetu. Mabomu yaliponyamaza, tukasikiliza. Mchi haukulia. Tukangoja, haukulia.

Koko alivuta tasbihi yake mpaka shanga ya mwisho. Kisha akanyanyuka, akavuta kinu katikati ya sebule, akatia konzi moja ya pondu iliyonyauka, akaanza kutwanga. Alitwanga mpaka majani yakawa maji, na hakuacha.

"Koko, unatwanga nini? Pondu imeisha."

"Ni ya wale wa nyuma ya ukuta. Waskie kama tungali wazima."

Akaendelea, jasho likimtiririka. Baadaye kidogo, kutoka nyumba ya mbali upande wa kulia, tukasikia mchi mwingine, halafu wa tatu. Nikamnyang'anya Koko mchi, nikatwanga mimi, huku nikimlilia Mama Anjela.

Vita vile vilipita, na mchi wa Mama Anjela haukulia tena. Ramazani alirudi mitumbwi ilipoanza kuvuka tena, bila baiskeli, mifupa mitupu, lakini alirudi. Koko tulimzika miaka mingi baadaye, kwa kifo cha kitandani, alichostahili. Amisi leo ni baba wa watoto wanne, na mpaka leo ukimpa kwanga yangu ataigeuza na kuinusa kwanza. Namwacha anuse. Ana haki.

Kuishi kwingi ni kuona mengi, na sasa naona tena macho ya vijana yakiwa kama yangu ya mwaka ule. Mnakesha na habari za vita vya mashariki, mnasoma, mnatumiana, na maharage yanaungua. Sikuambii uzibe masikio. Ikibidi kukimbia, kimbia. Miguu tulipewa kwa hilo pia. Lakini nakuambia hivi: adui akiwa bado yuko mbali, usimfungulie mlango kwa mikono yako mwenyewe. Moyo ukianza kukimbia, upe mkono kazi ndogo iliyo mbele yako na uifanye kwa kipimo chake, si kwa kipimo cha woga. Fagia uwanja mpaka mwisho. Futa majani ya kwanga moja moja. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mimi nakuongezea kwamba anaweza kulisha wengine uchungu. Na ukipata utulivu, hata kidogo, usiufiche. Kuna mtu nyuma ya ukuta anasikiliza kama mchi wako unalia.

Mungu akulindie nyumba yako na aliyemo. Akupe mikono isiyotetemeka juu ya chakula cha watoto, na siku ya hofu usikose jirani wa kumsikia. Haya, inuka sasa. Pipa la jikoni lina siku ya pili leo. Nenda kaweke kidole, uje uniambie mihogo inasema nini.