Mwanamke wa Chumvi Anafika Nyumbani

Barua ya mhariri ilinifikia Malaba asubuhi, nikiwa nimeshachomeka karatasi tatu na kaboni mbili kwenye taipureta. Nilikuwa karani wa ofisi ndogo iliyowaandikia madereva wa malori hati za forodha. Miaka ile ya sabini, ng'ambo ya mpaka, Uganda, chumvi na sabuni zilikuwa zimeadimika, na wanawake walivuka kila siku kuja kununua kwetu. Nilikuwa nimeandika hadithi kuhusu mmoja wao, mwanamke wa kubuni, nikaituma kwa posta kwa mchapishaji mmoja wa Nairobi.

Mhariri alikuwa muungwana. Aliisifu kwanza. Kisha akaniambia nimfikirie msomaji. Msomaji, aliandika, ni mwanafunzi wa sekondari na mwalimu wake, na hawatapenda kuona mtu wa magendo akifika nyumbani salama. Nimfanye akamatwe, au afe maji. Na Kiswahili cha wale wanawake nikisafishe.

Nilirudia barua ile mara tatu. Sikumchukia huyo mwanafunzi. Lakini sikuwa nimekutana naye, na wale niliokutana nao kila siku hakuna aliyewahi kuwauliza wanataka kusikia nini.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja Mwislamu, mwenye duka la jumla. Saa ya chakula aliniona nimekaa nje na sura imenivimba.

"Binti, nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Wanataka nimuue mtu."

Nikamweleza. Akavuta kreti tupu ya soda, akaiweka barazani. "Keti hapa. Isome hiyo hadithi tuisikie."

Wanawake watano waliokuwa wakifunga mizigo yao wakasogea. Nikasoma. Mwanamke wangu ananunua chumvi, anaifunga tumboni chini ya leso aonekane mja mzito, anaingia mtoni maji yakimfika kifuani, na jioni anabisha mlango wa kwake. Nilijivunia sana sehemu ile ya mto. Niliikawiza.

Mmoja wao, mwanamke mrefu wa upande wa Tororo, mwenye mtoto mgongoni, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nnyabo," akaniambia, maana ndivyo kwao wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "huyo wako amefika nyumbani na nini? Maji iko kifua, chumvi iko tumbo?"

Nikaitazama karatasi yangu. Yeye akaendelea:

"Imeyeyuka yote! Amepelekea watoto leso wanyonye."

Baraza zima liliangua kicheko. Uso ulinichoma kwa aibu. Mhariri alikuwa amesahihisha mpaka nukta na mikato, lakini hilo hakuliona. Huyu, ambaye hakujua kusoma, alilinasa mara moja kwa sababu mzigo wenyewe alishaubeba.

"Basi angevukaje?" nikamuuliza.

"Penye anapita sikwambii." Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Lakini chumvi ni ya kichwa. Tumbo ni ya sabuni."

"Na mwisho? Mhariri anataka ashikwe."

Mama mwenye duka akadakia, "Kwani hao wa Nairobi hawatii chumvi kwenye mboga?"

Yule mwanamke hakucheka. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akakaza mbeleko. "Wenye wanashikwa tunawajua. Dada yangu alishikwa. Hiyo haina haja ya kutunga. Wewe huyu wako mfikishe."

Niliuandika upya ule uvukaji siku mbili mfululizo, wakati wenzangu wakila. Maneno ya wanawake sikuyagusa. Nikamjibu mhariri kwamba msomaji wangu ameshaisikia hadithi na kunisahihisha, na kwamba mwanamke anafika nyumbani. Alinirudishia mswada na mistari miwili ya kunitakia heri.

Niliumia, sitaficha. Nilikuwa nimetamani mno kuona jina langu kwenye jalada. Lakini nilipouchukua mswada ule kuubadilisha, nilimsikia mwanamke yule akisema mfikishe, na mkono ukakataa.

Nikarudi barazani kuisoma tena. Yeye hakuwepo siku hiyo. Mwingine, muuza ndizi wa hapa hapa, alinikatiza karibu na mwisho. "Mume wa nani huyo anatoka mbio kupokea mzigo? Andika alikuwa amelala." Nikaandika alikuwa amelala.

Mchapishaji mwingine aliikubali miaka mitatu baadaye. Naye akaniuliza, kwa upole, kama mwanamke huyo hawezi kutozwa faini, ndogo tu, ili walimu wasije wakalalamika. Nikachomeka karatasi safi kwenye taipureta ya ofisi, nikamjibu kwa neno moja la herufi kubwa: HAPANA.